Mary Ainsworth: mtafiti aliyejifunza malezi kwa akina mama wa Uganda

Mtoto wako ana miezi kumi. Maji yanakupwa, wenzako wameshashuka pwani kutafuta pweza, nawe unamkabidhi mtoto kwa bibi yake ili uwahi. Ukigeuka tu, anaangua kilio. Jirani anakwambia umemdekeza, umemzoesha mikono, sasa hata kazi hufanyi. Unaondoka moyo ukiwa mzito. Je, jirani anasema kweli?

Swali hili lilishughulisha karibu maisha yote ya mwanamke mmoja aliyeitwa Mary Ainsworth. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mwanasaikolojia, na alifanya kazi kwa miaka mingi pamoja na daktari bingwa wa afya ya akili ya watoto, John Bowlby wa London. Lakini majibu yake ya kwanza hakuyapata hospitalini wala chuoni Ulaya. Aliyapata Afrika Mashariki, akiwa ameketi sebuleni kwa akina mama wa vijijini nchini Uganda, wanaobeba watoto, wanaolima na wanaopika kama wewe.

Tunakusimulia maisha yake kwa sababu mengi unayoambiwa leo kliniki kuhusu kumwitikia mtoto yalitokana na kazi ile. Ukijua yalikotoka, utajua pia ni lipi la kushika na ni lipi la kutokuhofia.

Utoto wake

Mary alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 katika mji mdogo wa Glendale, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa wa kwanza katika watoto watatu wa kike. Mwaka 1918 baba yake alihamishwa kikazi, familia ikahamia Toronto, Kanada, na huko ndiko alikokulia.

Jambo moja katika utoto wake linafaa ulijue. Aliyekuwa karibu naye zaidi nyumbani alikuwa baba yake. Ndiye aliyemlaza usiku na kumwimbia. Kwa mama yake hakupata ukaribu wa namna hiyo. Huenda ndiyo sababu Mary, tangu akiwa kijana, alitaka kuelewa nini hasa kinamfanya mtoto ajisikie yuko salama.

Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu cha saikolojia, akaamua kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Aliingia Chuo Kikuu cha Toronto akiwa na miaka 16 tu, na mwaka 1939 akapata shahada ya uzamivu. Mwalimu wake, William Blatz, alifundisha kwamba mtoto anahitaji kwanza kujisikia salama kwa wazazi wake, ndipo apate ujasiri wa kujaribu mambo mapya. Wazo hilo Mary hakuliacha mpaka kufa kwake.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada mwaka 1942, akapanda hadi cheo cha meja. Vita vilipokwisha alirudi kufundisha chuoni. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London.

London: daktari wa watoto waliotenganishwa na wazazi

Kule London Mary alihitaji kazi. Aliona tangazo gazetini, akaomba, akajikuta katika kituo cha Tavistock chini ya Dakta John Bowlby.

Bowlby alizaliwa mwaka 1907 katika familia yenye uwezo. Kwa desturi ya matajiri wa Uingereza wa wakati ule, alilelewa zaidi na yaya kuliko mama. Yaya aliyempenda aliondoka nyumbani kwao yeye akiwa na miaka kama minne, na uchungu ule aliukumbuka hata uzeeni. Alipokuwa daktari alichagua kutibu watoto na vijana wenye matatizo ya hisia na tabia.

Huenda unajiuliza daktari wa namna hiyo hufanya nini. Hatafuti kichaa. Humsikiliza mtoto, humtazama akicheza, huwauliza wazazi historia yake tangu ujauzito, na hutazama nyumba nzima: nani anamlea, nani aliondoka, nani amefariki, nini kimebadilika. Bowlby alikuwa miongoni mwa madaktari wa mwanzo waliokutana na familia nzima kwa pamoja badala ya kumtibu mtoto peke yake. Mwaka 1944 alichapisha utafiti kuhusu watoto 44 waliokuwa wakiiba. Aligundua kwamba wale waliokuwa na moyo mkavu kabisa, wasiojali mtu, wengi wao walitenganishwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo. Mwaka 1951 aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliokosa malezi ya mzazi.

Katika kituo hicho Mary alikutana pia na James Robertson, aliyekuwa akiwatazama watoto wadogo waliolazwa hospitalini. Siku zile hospitali nyingi za Uingereza ziliwawekea wazazi masharti makali ya kuwaona watoto wao. Robertson aliona mtoto akilia siku za kwanza, kisha akinyamaza. Wauguzi walidhani amezoea. Robertson aliona kwamba amekata tamaa. Mwaka 1952 alitoa filamu fupi ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa bila mama, na filamu hiyo ilisaidia kubadili taratibu za hospitali za Uingereza. Mary alivutiwa sana na namna Robertson alivyofanya kazi: kukaa, kutazama na kuandika, bila kuharakisha kutoa hukumu. Aliazimia siku moja afanye vilevile.

Uganda, 1954

Nafasi hiyo ilikuja mapema kuliko alivyotarajia. Mwaka 1954 mumewe alipata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Kampala. Mary alimfuata, naye akaanza utafiti wake mwenyewe katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala.

Alikuwa na jambo moja akilini. Alisikia kwamba kwa desturi ya zamani ya Waganda, mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi yake akae huko kwa muda, ili alisahau ziwa la mama. Sisi wa pwani ya kusini desturi ya namna hiyo si ngeni. Mary alitaka kuona mtoto anavyokuwa kabla na baada ya kutengwa. Lakini alipofika aligundua kwamba familia nyingi zilikuwa zimeshaiacha desturi hiyo. Ikabidi abadilishe mpango: badala ya kutazama mtoto anavyotengwa na mama, atazame mapenzi kati ya mtoto na mama yanavyoanza.

Alitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28. Alikwenda kila baada ya wiki mbili kwa muda wa miezi kadhaa, na kila mara alikaa kama saa mbili. Alikwenda alasiri, wakati ambao wanawake wa Kiganda hupokea wageni, akaketi nao sebuleni. Alikuwa na msaidizi na mkalimani, Katie Kibuka, ambaye bila yeye kazi ile isingewezekana. Kwa shukrani, aliwapeleka akina mama na watoto kliniki kwa gari na kuwarudisha, na aliwasaidia kupata maziwa ya unga kwa bei ya jumla.

Alichokiona vijijini

Kabla ya Uganda, Mary aliamini kama walivyoamini wengi: mtoto humpenda mama kwa sababu mama humlisha. Alichokiona kilimfanya aachane na wazo hilo. Kunyonyesha kuna faida kubwa, lakini mapenzi ya mtoto hayafuati maziwa peke yake.

Aliona kwamba mtoto mchanga si mzigo uliokaa tu ukisubiri kubebwa. Anafanya kazi. Analia kwa namna moja akiwa kwa mgeni na kwa namna nyingine akiwa kwa mama. Anapoanza kutambaa anamfuata mama akitoka chumbani. Mama akirudi, mtoto wa Kiganda alimlaki kwa kupiga makofi na kuinua mikono abebwe. Anaficha uso wake mapajani mwa mama akiona mgeni. Kisha, akishatulia, anashuka, anakwenda kuchezea kitu pembeni, anageuka kumtazama mama kama bado yupo, anaendelea kucheza.

Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa. Mary aliona kwamba mtoto humtumia mama kama msingi salama. Fikiria ngalawa zinazotoka katika ghuba yetu ya Sudi. Nahodha huthubutu kwenda mbali kwa sababu anajua pana mahali patulivu pa kurudi hali ikichafuka. Mtoto naye ni hivyo. Mwenye pa kurudi huthubutu zaidi kwenda.

Uhusiano huu wa pekee kati ya mtoto na mtu anayemlea, wataalamu huuita mfungamano. Hauji siku moja. Hujengeka polepole katika mwaka wa kwanza, na huonekana wazi kuanzia karibu miezi sita hadi tisa. Kwa hiyo mtoto wa miezi kumi anayelia ukimwacha hajaharibika. Amefikia hatua ya ukuaji anayopaswa kuifikia: anakujua wewe ni nani, na anajua kwamba umeondoka.

Kwa nini watoto walitofautiana

Kati ya watoto 28, Mary aliona 16 wana mfungamano salama. Walilia kidogo wakiwa na mama na walicheza kwa uhuru. Saba walikuwa na wasiwasi: walilia sana hata wakiwa mikononi mwa mama, na hawakuthubutu kumwacha. Watano walikuwa bado hawajaonyesha mfungamano wa wazi.

Alijiuliza tofauti imetoka wapi. Si kwa sababu mama mmoja anapenda na mwingine hapendi. Akina mama wote aliwaona wanawapenda watoto wao. Tofauti moja ilijitokeza katika mazungumzo. Wapo akina mama ambao, akiwauliza kuhusu mtoto, walieleza mengi na kwa undani: anapenda nini, analiaje akiwa na njaa, analiaje akiwa na usingizi, jana alijaribu nini. Walikuwa wanamsoma mtoto. Watoto wa akina mama hao ndio wengi waliokuwa salama.

Baadhi ya akina mama wenye watoto wa wasiwasi walikuwa wamebeba mizigo mizito: ndoa zilizovunjika, hofu, mawazo. Hawakukosa mapenzi. Walikosa utulivu wa kumtazama mtoto. Likumbuke hili, maana tutalirudia hapo chini: kumsaidia mama ni kumsaidia mtoto.

Matokeo ya Uganda aliyachapisha katika kitabu mwaka 1967. Ulikuwa utafiti wa kwanza wa aina yake, wa kumfuatilia mtoto na mama nyumbani kwao ili kuona mfungamano unavyojengeka. Kumbuka basi kwamba elimu hii haikutoka Ulaya kuja kwetu. Ilianzia huku, kwa wanawake wa Kiafrika waliokubali mgeni aketi sebuleni kwao.

Baltimore, na jaribio la dakika ishirini

Mwishoni mwa 1955 Mary na mumewe walihamia Baltimore, Marekani, naye akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Haikuwa rahisi. Siku zile chuoni hapo wanawake hawakuruhusiwa kula pamoja na wanaume katika ukumbi mkuu wa wahadhiri, na yeye alilipwa chini ya wanaume wa ngazi yake. Mwaka 1960 ndoa yake ilivunjika. Alipita katika kipindi cha huzuni kubwa, akatafuta msaada wa tiba ya mazungumzo, na baadaye alisema wazi kwamba tiba ile ilimfaa. Alitamani watoto wake mwenyewe lakini hakubahatika kuwapata.

Kuanzia 1963 alifuatilia familia nyingine 26, safari hii za mjini Baltimore. Kila nyumba ilitembelewa tena na tena, saa kama nne kila mara, tangu mtoto akiwa na wiki chache hadi akaribie kutimiza mwaka. Watoto walipofika mwaka mmoja, yeye na wenzake walibuni jaribio fupi la kama dakika ishirini. Mama na mtoto huingia katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Mgeni huingia. Mama hutoka kidogo, kisha hurudi.

Watu wengi hudhani kilichotazamwa ni kilio cha mtoto mama anapotoka. Sivyo. Kilichotazamwa zaidi ni mama anaporudi. Watoto wengi walimkimbilia mama, wakabebwa, wakatulia, wakarudi kucheza. Hao walihesabiwa wana mfungamano salama, hata kama walilia sana. Wengine walimpuuza mama kana kwamba hawakumwona. Wengine waling'ang'ania huku wakimpiga mateke, wasitulie kwa muda mrefu. Alipolinganisha na maandishi ya ziara za nyumbani, aliona kwamba watoto waliotulia upesi ndio waliokuwa na mama wanaoziona dalili za mtoto na kuziitikia kwa wakati.

Tafadhali usilifanye jaribio hili nyumbani, na usimpachike mtoto jina kwa kumtazama siku moja. Mtoto anayetaka usingizi, mwenye homa au mwenye njaa huwa tofauti kabisa. Hiki ni kipimo cha watafiti waliofunzwa.

Kuitikia kilio si kudekeza

Katika familia zile za Baltimore, Mary na mwenzake Silvia Bell waliona jambo lililowashangaza wengi. Watoto walioitikiwa mapema walipolia katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi walipokaribia mwaka mmoja, na walikuwa na njia nyingine za kueleza haja zao, kama ishara, sauti na sura. Matokeo hayo yaliyochapishwa mwaka 1972 yamejadiliwa sana tangu hapo, na watafiti wengine hawakupata tofauti kubwa kama ile. Lakini jambo moja limesimama: mtoto mchanga hadekezwi kwa kubebwa anapolia. Hajui hila. Kilio ndiyo lugha yake pekee.

Hii haina maana kwamba lazima uache kila kitu kila anapotoa sauti. Hakuna mama aliyewahi kumwitikia mtoto kila mara, wala Mary hakuliona hilo popote. Kinachotosha ni kwamba mara nyingi, akiita, mtu humjibu. Ukiwa unakoroga ugali, sauti yako tu ikimwambia unakuja ni jibu.

Mama si peke yake

Ripoti za mwanzo za Bowlby ziliwatia akina mama hofu, kana kwamba mama akitoka kwenda kazini atamharibu mtoto. Lawama hiyo ilikuwa nzito, na watafiti wengine waliisahihisha. Mary mwenyewe aliona Uganda kwamba watoto walifungamana pia na baba, bibi na ndugu wengine waliokuwa karibu nao. Mwaka 1986 Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walichapisha utafiti kuhusu Wakisii wa Kenya, ambako dada mkubwa hulea mdogo wake mama akiwa shambani. Waliona mtoto anaweza kuwa na mfungamano salama na mama na pia na yule mlezi wake mdogo.

Hapa kwetu, ambako bibi, mama mkubwa, mama mdogo na mjomba wote wana nafasi katika malezi, hili si jambo geni. Mtoto anaweza kupenda watu kadhaa. Anachohitaji ni wawe wachache, wawe walewale, na wamjue. Kinachomuumiza ni kuhamishwa mkono hadi mkono kwa watu wapya kila mara, au kuachwa na mtu asiyemjali.

Miaka ya mwisho

Katikati ya miaka ya 1970 Mary alihamia Chuo Kikuu cha Virginia. Mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa kitabu chao kikubwa kuhusu mfungamano. Wanafunzi wake wakaendeleza kazi hiyo, na mmoja wao, Mary Main, aliongeza kundi la nne, la watoto ambao yule wanayemkimbilia ndiye pia wanayemwogopa. Bowlby alifariki mwaka 1990. Mwaka 1998 Mary alipewa nishani ya dhahabu na wanasaikolojia wa Marekani kwa kazi ya maisha yake. Alifariki tarehe 21 Machi 1999, akiwa na miaka 85.

Hapa Tanzania, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, imeweka malezi yenye mwitikio kuwa moja ya nguzo zake tano, pamoja na afya bora, lishe, ulinzi na usalama, na ujifunzaji wa awali. Mhudumu wa afya ya jamii anapokuhimiza kuzungumza na mtoto aliye mgongoni ndani ya mbeleko, anakuhimiza jambo ambalo wanawake wa Buganda walimwonyesha Mary.

Unachoweza kufanya

Unapotoka kwenda pwani, sokoni au shambani:
- Usimtoroke. Muage kwa maneno machache na uso mkunjufu, hata kama atalia. Mtoto anayetorokwa hujifunza kukulinda kila dakika.
- Mwache na mtu mmoja anayemzoea, na umwambie mtu huyo anakula saa ngapi na anatulizwaje.
- Ukirudi, mbebe kwanza, kazi baadaye. Dakika chache zinatosha.

Unapomwachisha ziwa:
- Punguza polepole kwa wiki kadhaa, ukianza na nyonyo la mchana. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, pamoja na chakula cha nyongeza tangu miezi sita.
- Kupaka shubiri na kumpeleka mbali siku hiyohiyo ni kumpa misiba miwili kwa pamoja. Ikiwa lazima akae kwa bibi, mwachishe kwanza, azoee, ndipo asafiri.

Unapolazimika kumwacha kwa miezi, kama msimu wa korosho au kazi ya Dar es Salaam:
- Kaa naye kwa bibi siku kadhaa kabla ya kuondoka.
- Mwachie kanga yako uliyoivaa. Harufu yako humtuliza.
- Piga simu mara kwa mara, na usiahidi siku ya kurudi usiyo na hakika nayo.
- Ukirudi, akikukimbia au kukununia, usimkaripie wala usione hakupendi. Anauliza kama utaondoka tena. Kaa naye, atakurudia.

Anapolazwa hospitali, kaa naye, au mpeane zamu na baba au bibi. Mweleze sindano kabla haijachomwa, usimwambie haiumi.

Na wewe mwenyewe: ukiwa na huzuni, kukosa usingizi, au kutojali lolote kwa zaidi ya wiki mbili baada ya kujifungua, huo si uvivu wala si kukosa imani. Ni sonona, na inatibika. Mwambie muuguzi kliniki. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako. Mwambie mtu wa karibu akupeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lini umpeleke mtoto

Nenda zahanati au kituo cha afya na kadi ya kliniki ukiona mojawapo ya haya:
- Ana miezi mitatu na hatabasamu kwa watu, hafuatilii kwa macho, au hashtuki kwa sauti kubwa.
- Ana miezi tisa na hatoi sauti za kubwabwaja wala hageuki anakotoka mzungumzaji.
- Ana mwaka mmoja na haitiki akiitwa jina, wala hatumii ishara kama kupunga mkono au kuonyesha kwa kidole.
- Kwa umri wowote, amepoteza jambo alilokuwa akiliweza, kama kusema au kukaa.
- Mtoto mkubwa aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena baada ya msiba au kutengana kwa wazazi.
- Kijana amejitenga, hali vizuri, halali, au ameacha shule kwa huzuni ya zaidi ya wiki mbili. Akizungumzia kufa au kujidhuru, mpeleke siku hiyohiyo.

Mhudumu akiona inafaa, atakupa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi. Mtoto anayepigwa, anayenyanyaswa au aliyetelekezwa unaweza kumtolea taarifa kwa simu ya bure 116.

Ukifika mbele ya daktari au muuguzi, atakuuliza mtoto analiaje, anatulizwa na nani, anaogopa nini, nini kimebadilika nyumbani. Usione aibu kwamba hukusoma. Mary Ainsworth alikuwa na shahada ya uzamivu, na bado ilimbidi aketi sebuleni kwa akina mama awaulize maswali hayohayo. Kuhusu mtoto wako, mwenye majibu ni wewe unayemtazama kila siku.